Malkia wa Buibui na Nyumba ya Binti

Neno mfumo dume halimpi mtu shida siku hizi. Liko kwenye semina, kwenye hotuba za Machi 8, hata kwenye vijiwe vya kahawa, ingawa huko hutajwa kwa kejeli. Anayetaka kinyume chake haendi mbali: anasema mfumo jike. Hapo watu hucheka, na wana haki ya kucheka. Dume na jike ni maneno ya zizini, na hilo la pili halikupatikana kwa kuitazama jamii yoyote ya watu. Limepatikana kwa kulipindua la kwanza, kama mtu anayevaa fulana yake nje ndani kisha akadai ana fulana mbili.

Iko aina ya mchezo ambamo kupindua kwa namna hiyo kumekuwa kazi ya kawaida kwa miaka hamsini sasa. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja wao, msimulizi, ameishika dunia nzima kichwani na kwenye madaftari yake: miji, miungu, mapango, bei ya mkate. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, shujaa au mwizi au mchawi, na husema mhusika huyo anafanya nini. Dadu yenye pande ishirini inaamua kama amefaulu. Hakuna mshindi. Kinachouzwa madukani ni kanuni, na pamoja na kanuni, dunia zenyewe: vitabu vinene vya nchi zisizokuwepo, vyenye ramani, nasaba za wafalme na desturi za ndoa. Katika nyingi ya dunia hizo pana mahali ambapo wanawake ndio wenye amri, na mara nyingi mahali hapo ni pa kuogopwa.

Hofu hiyo haikuanzia mezani. Waathene wa karne ya 5 kabla ya Kristo, walipojenga hekalu la Parthenon, walichonga upande wake wa magharibi vita vya Wagiriki na Waamazoni, taifa la wanawake wapiganaji. Katika masimulizi ya Waathene, Waamazoni walikuja ili washindwe. Miaka elfu mbili na zaidi baadaye, mwaka 1861, mwanasheria wa Uswisi, Johann Jakob Bachofen, alichapisha kitabu kikubwa kilichodai kwamba binadamu wote walipitia zama za utawala wa mama kabla baba hajashika hatamu. Lewis Henry Morgan wa Marekani na Friedrich Engels wakalichukua wazo hilo kila mmoja kwa njia yake, na likazoeleka kiasi kwamba hata leo wapo wanaolisema kama jambo lililothibitishwa. Halijathibitishwa. Lakini angalia lilivyopangwa: utawala wa wanawake uko mwanzo, tena uko nyuma, nasi tuko upande wa pili wa kuanguka kwake.

Afrika Mashariki tunayo hadithi ya kwetu ya namna hiyo. Jomo Kenyatta, akisoma anthropolojia London kwa Bronislaw Malinowski, aliiandika katika Facing Mount Kenya, kitabu chake cha 1938. Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu, walizaa mabinti tisa, na mabinti ndio waliozaa koo. Zamani hizo, inasemwa, wanawake walikuwa wakuu wa jamii. Mwanamke mmoja aliweza kuwa na waume kadhaa. Walikuwa wapiganaji hodari, na walikuwa wakali: mwanamume alihukumiwa, hata kuuawa, kwa wivu au kwa kosa dogo. Wanaume wakachoka. Wakakutana kwa siri wakakubaliana siku ya kuwapa wanawake wote mimba kwa pamoja, na kabla ya wote wale viongozi. Miezi sita ikapita. Viongozi wakiwa wazito, hawawezi kukimbia wala kushika silaha, wanaume wakainuka wakaichukua nchi. Ndoa ikageuzwa: sasa mume mmoja, wake wengi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini ina mkia, na mkia ndio unaonivutia. Wanaume walipotaka kuyabadilisha majina ya koo yawe ya kiume, wanawake wakakataa. Wakasema wakilazimishwa hawatazaa tena, na watoto wa kiume watakaozaliwa kutokana na njama ile watawaua. Wanaume wakarudi nyuma. Ndiyo maana hadi leo Mkikuyu wa ukoo wa Ambui anabeba jina la Wambui, wa Airimu la Wairimu, wa Acheera la Wacheera.

Mombasa nako masimulizi ya mji yanaanza na mwanamke, Mwana Mkisi. Kisha anakuja Shehe Mvita, na mji unachukua jina lake yeye.

Mwaka 1974 mwanaanthropolojia Joan Bamberger alichapisha insha kuhusu visa vya namna hii, akitumia zaidi vile vya Amerika Kusini. Huko Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya bara hilo, ilisimuliwa kwamba hapo kale wanawake ndio waliovaa barakoa za mizimu na kuwatisha wanaume. Wanaume wakaijua siri, wakawaua wanawake wote isipokuwa watoto wachanga wa kike, wakazivaa barakoa wenyewe. Hoja ya Bamberger ilikuwa nyepesi na kali. Hadithi hizi si kumbukumbu za enzi iliyopita. Ni hati ya kumiliki. Husimuliwa, mara nyingi kwa vijana wa kiume wanapoingizwa utu uzima, ili waelewe kwa nini wanaume wanatawala: wanawake walipewa nafasi, wakaivuruga.

Mwaka huohuo wa 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, wanaume wawili waliopenda michezo ya vita, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa kisanduku chenye vijitabu vitatu. Kiliitwa Dungeons & Dragons. Nakala za kwanza zilikuwa elfu moja, na zilipangwa kwa mkono. Sidhani kama kuna aliyesoma insha ile na kijitabu hiki wiki moja. Lakini hicho cha pili, katika miaka michache tu, kingekuwa mashine ya kuzalisha hadithi ambazo ile ya kwanza ilikuwa imezichambua.

Kabla ya kufika huko, inabidi tupite Lamu.

H. Rider Haggard, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Kusini akiwa kijana, ndiye aliyewapa wasomaji wa Ulaya malkia wa Kiafrika wa kubuni kwa jumla na rejareja. Katika She, iliyoanza kutoka gazetini mwaka 1886, Waingereza wanasafiri kwa jahazi kwenye pwani ya Afrika Mashariki, jahazi linazama kwa tufani, wanaingia bara na kukutana na watu waitwao Amahagger. Kwa Amahagger ukoo huhesabiwa kuukeni tu, na mwanamke humchagua mume kwa kumbusu mbele za watu. Juu yao yuko Ayesha, mwanamke mweupe mwenye zaidi ya miaka elfu mbili, anayetiiwa bila neno. Mzee mmoja wa kabila, Billali, anamweleza mgeni namna mambo yanavyokwenda: wanawake tunawaheshimu na kuwaabudu, lakini kila baada ya vizazi viwili hivi wanakuwa hawavumiliki, basi tunainuka na kuwaua wale wazee ili wadogo wapate funzo. Ni kisa cha Bamberger chenyewe, kimewekwa kinywani mwa mzee kama mtu anayezungumzia kupogoa miti. Ayesha mwenyewe anateketea kwa moto mwisho wa kitabu.

Mwaka 1887 Haggard akatoa Allan Quatermain, na safari hii msafara unaanzia Lamu penyewe, ambako ndugu yake mmoja aliwahi kuwa makamu wa konseli wa Uingereza. Wanapanda Mto Tana, wanapigana na Wamasai, wanatokea nchi iliyofichika inayotawaliwa na malkia wawili ndugu, mmoja wa nywele za dhahabu na mwema, mwingine mweusi wa nywele na mwenye kisasi. Yaani walikwenda mamia ya maili kutafuta mahali ambapo wanawake wana kauli, wakaanza safari kwa kuipa kisogo Lamu.

Tuingie basi kwenye nyumba ya mawe ya Lamu ya karne ya 18, kwa kuwa wao hawakuingia. Nje ni ukuta mtupu na daka, kibaraza chenye mlango wa nakshi. Ukivuka mlango unakuta kiwanda, yaani ua, kisha misana miwili, vyumba virefu vyembamba, na mwisho kabisa chumba kiitwacho ndani, chenye zidaka, vishubaka vya plasta vilivyochongwa kwa kisu. Nyumba hiyo kwa desturi ya mji ilikuwa ya binti. Baba mwenye uwezo alimwandalia bintiye nyumba anapoolewa, na mume ndiye aliyehamia. Akizaliwa binti wa pili na kiwanja hakipo, iliongezwa ghorofa. Pakiwa hapana nafasi juu, walijenga wikio, chumba kinachoruka juu ya kichochoro na kuegemea ukuta wa upande wa pili, ili mama na binti wapitiane bila kushuka barabarani. Msafiri anayepita chini ya wikio haoni malkia. Anaona kivuli, anashukuru, anaendelea.

Hakuna aliyeuita mji huo mfumo jike, na haukuwa hivyo. Msikitini, kwenye baraza la mji na jahazini wenye neno walikuwa wanaume. Lakini mume aliyeachana na mkewe alitoka yeye na sanduku lake.

Haggard hakuandika michezo, ila waliomfuata walisomwa na walioiandika. Edgar Rice Burroughs alimpa Tarzan kuhani wa kike La wa mji wa Opar, na Gygax alimtaja Burroughs kwenye orodha maarufu ya waandishi waliomwathiri, iliyo nyuma ya kitabu cha msimulizi cha 1979. Majina ni kama thelathini. Ya wanawake ni matatu: Leigh Brackett, Margaret St. Clair na Andre Norton. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa ameandika, mwaka 1963, Witch World, riwaya ya nchi ya Estcarp inayotawaliwa na wachawi wa kike wanaoamini kwamba kulala na mwanamume kunaua kipawa chao. Hata humo, anayeingia na kuyatikisa mambo ni askari mwanamume kutoka Marekani, ambaye anakutwa na kipawa kilichodhaniwa kuwa cha wanawake peke yao. Norton aliwahi kuketi mezani na Gygax mwaka 1976, na riwaya yake Quag Keep ya 1978 ndiyo ya kwanza kutungwa juu ya mchezo huo.

Mwaka huo wa 1978 unastahili kukaliwa kidogo. Kitabu kipya cha wachezaji kilitoka, na ndani yake mna jedwali la nguvu za mwili. Nguvu hupatikana kwa dadu tatu, kuanzia 3 hadi 18. Mpiganaji anayepata 18 hurusha tena dadu za asilimia kuona ni 18 ya namna gani, tangu 01 hadi 00, yaani mia. Mwanamume wa kibinadamu anaweza kufika mia. Mwanamke anasimamishwa hamsini. Katika mchezo ambamo mtu anaweza kuruka angani, kufufua wafu na kuzungumza na joka, kanuni ilipata muda wa kuhakikisha mkono wa mwanamke hauzidi kipimo. Miaka miwili kabla, makala ya Len Lakofka kwenye jarida la The Dragon ilikuwa imependekeza wahusika wa kike wapewe kipimo cha uzuri na uwezo wa kuwarubuni wanaume. TSR, kampuni ya mchezo huo, ilimwajiri mwanamke wa kwanza kama mbunifu, Jean Wells, mwaka 1979.

Na mwaka huohuo wa jedwali la nguvu, mkono uleule wa Gygax uliandika mfululizo wa vijitabu vya safari unaowashusha wachezaji chini ya ardhi, siku baada ya siku, hadi kwenye pango kubwa lenye mji. Humo wanaishi drow, tawi lililoasi la elfi, wale viumbe wa ngano za Ulaya wanaofanana na watu. Jina drow limetoka Scotland ya visiwani, kwa viumbe wa hadithi za usiku. Ngozi zao nyeusi tii, nywele nyeupe. Wakuu wa koo zao ni wanawake, makuhani ni wanawake, na kwao mwanamke ana uwezo kuliko mwanamume, kinyume kabisa cha kanuni ya juu ya ardhi. Wanamwabudu Lolth, pepo malkia wa buibui.

Mswahili lazima atabasamu hapa. Buibui wetu ni mdudu na ni vazi, lile jeusi walilojitanda bibi zetu kwenda harusini na msibani. Gygax hakujua, lakini lugha yetu ilikuwa imekwisha kuchora picha ambayo yeye alikuwa akiitafuta.

Tabasamu linakatika ukitazama vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: weusi, utawala wa wanawake, na ubaya wa kuzaliwa nao. Katika dunia ya Forgotten Realms, iliyobuniwa na Ed Greenwood na kutolewa na TSR mwaka 1987, weusi wa drow unaelezwa kuwa ni alama ya laana ya mungu wa elfi. Aliyesoma shule ya misheni akafundishwa laana ya Hamu hahitaji maelezo zaidi. Waandishi hawakuwa wakifikiria Waafrika, watetezi wao husema, na inawezekana kabisa. Lakini mtu akikusanya alama tatu za kigeni ili msomaji ajue mara moja kwamba amefika kwa maadui, alama anazozishika bila kufikiri ndizo zinazoonyesha alikulia wapi.

Aliyewapa drow uhai kamili ni R. A. Salvatore. Riwaya yake Homeland ya 1990 inaanza usiku wa shambulio katika mji wa Menzoberranzan. Ukoo wa Do'Urden unaivamia nyumba ya DeVir, na mkuu wa ukoo, Matron Malice, yuko katika uchungu wa kuzaa wakati vita vikiendelea. Uchungu wenyewe unageuzwa kuwa nguvu ya uchawi. Mtoto ni wa kiume, wa tatu, na mtoto wa tatu wa kiume hutolewa kafara kwa Lolth. Kisu kiko tayari. Lakini huko vitani kaka wa pili amemuua kaka wa kwanza kwa siri ili apande ngazi, hivyo mtoto aliyezaliwa si wa tatu tena. Anaachwa hai. Anaitwa Drizzt. Utoto wake wote anafundishwa na dada zake kutazama sakafu, kwa kuwa mwanamume hainui macho mbele ya mwanamke, na dada mkubwa, Briza, anatembea na mjeledi ambao ncha zake ni vichwa vya nyoka.

Ni mwandiko wa kusisimua, nami sijidai kwamba niliusoma kwa uchungu. Ila nyoosha kidole kwenye kila kipengele: macho chini, kipigo cha nyumbani, mtoto wa jinsia isiyotakiwa kuuawa, urithi unaopita upande mmoja, elimu ya juu kufungiwa. Hakuna hata kimoja kilichobuniwa. Vyote vimechukuliwa kutoka maisha ya wanawake katika nchi halisi na kugeuzwa upande. Fulana ileile. Msomaji wa kiume anapandwa na hasira kwa niaba ya Drizzt, na hasira hiyo ni halali. Jambo la ajabu ni kwamba ilibidi avuliwe nafasi yake kwanza ndipo aione. Kisha shujaa anatoroka, anapanda juu kwenye mwanga, na huko juu kunakotawaliwa na wafalme ndiko anakopata uungwana. Billali angeridhika.

Kwa nini wabunifu hurudi huko huko? Si chuki peke yake. Mchezo huu huchezwa kwa mdomo, papo kwa papo. Mchezaji anauliza: nikigonga mlango, nani anafungua? Nani anapokea mahari? Mrithi ni nani? Msimulizi lazima ajibu kabla chai haijapoa. Jamii iliyopinduliwa ina majibu yote tayari, kwa kuwa ni yetu wenyewe yenye ishara ya kutoa mbele yake. Jamii ambayo mambo yake yamegawanyika, nyumba kwa huyu na uwanja kwa yule, inahitaji madaftari mawili, na jioni ya Jumamosi ni fupi.

Wapo waliojaribu madaftari mawili. Katika Forgotten Realms hiyohiyo iko Rashemen, nchi ya baridi inayoongozwa na wachawi wa kike wenye barakoa. Hawakai kwenye kiti cha enzi. Wanamteua mwanamume, Bwana wa Chuma, aongoze jeshi, na wanaweza kumwondoa. Wanaume wenye kipawa cha uchawi hufichwa wakitengeneza silaha na hirizi. Waliocheza Baldur's Gate ya 1998 kwenye kompyuta wanamkumbuka Minsc, yule shujaa wa Rashemen mwenye panya wake, aliyekuwa mlinzi wa mchawi Dynaheir. Wengi walicheka na panya wasiulize kwa nini jitu lile lenye misuli lilikuwa chini ya amri ya mwanamke bila kuona haya.

Greg Stafford alikwenda mbali zaidi. Aliisoma mitholojia maisha yake yote, na dunia yake, Glorantha, iliyoingia kwenye mchezo wa RuneQuest mwaka 1978, ina nchi iitwayo Esrolia. Ni nchi ya rutuba, na mji wake mkuu, Nochet, ni mkubwa kuliko jirani zake wote. Mungu wao mkuu ni Ernalda, ardhi yenyewe, ambaye ana waume wengi na humchagua anayefaa kwa shida iliyopo. Koo za mji huongozwa na mabibi, wazee wa kike, na silaha zao za kwanza ni nafaka na ndoa. Nani ataolewa na nani, ghala lipi litafunguliwa, mfalme yupi wa jirani atasaidiwa msimu wa njaa. Wanaume wapo, wana panga, wana heshima. Wanakula wapi ndilo swali. Esrolia si paradiso. Mabibi hao wanaweza kuwa wakatili, na wanalo jeshi la wanawake wenye mashoka, watumishi wa mungu Babeester Gor, kwa anayenajisi hekalu. Lakini ukatili wao ni wa watu wanaolinda kitu. Si wa watu waliochorwa ili wachukiwe.

Huko ndiko historia halisi iliko pia. Kwa Wahaudenosaunee, wale Wairoquois wa kaskazini mwa Marekani ambao Morgan alijifunza kwao, mama mkuu wa ukoo ndiye anayemchagua chifu mwanamume, na akikengeuka baada ya kuonywa, ndiye anayemvua pembe za kulungu ambazo ni alama ya cheo. Kwa Wakhasi wa Meghalaya, India, binti wa mwisho ndiye mrithi wa nyumba. Waminangkabau wa Sumatra ni mamilioni, ni Waislamu, na mashamba yao ya ukoo yanapita kwa wanawake. Kwa ndugu zetu wa Ngazidja, Visiwa vya Komoro, nyumba ni ya mwanamke na mume huhamia kwake, huku siasa za mji zikizungumzwa na wanaume kwenye uwanja, bangwe. Na milimani Morogoro, Waluguru wamegawana ardhi kwa koo za upande wa mama kwa vizazi ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Katika karibu zote hizo yupo mtu mmoja ambaye dunia za kubuni zimemsahau kabisa: mjomba. Ukoo ukipita kwa mama, mwanamume mwenye neno juu ya mtoto si lazima awe baba. Ni kaka wa mama. Yeye ndiye anayesimama kwenye shauri la shamba, yeye anayesikilizwa kwenye posa. Ana mamlaka, lakini ameyapata kupitia dada yake, na watoto wake mwenyewe wako chini ya mjomba mwingine, kwenye nyumba nyingine. Humo mna visa vya kutosha mchezo wa miaka mitatu: mwanamume anayewapenda wanawe na kulazimika kuwarithisha wapwa, baba anayeishi kwa mkewe kama mgeni wa heshima. Menzoberranzan ina Gromph Baenre, mchawi mkuu wa mji na mwana wa ukoo wa kwanza, mwanamume wa kuogopwa kweli. Nguvu zake lakini ni za uchawi. Ujomba wake hauna kazi.

Mambo yamesogea kiasi. Mwaka 2020 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, ilitangaza kwamba drow hawataandikwa tena kama watu wabaya kwa kuzaliwa, na mwaka uliofuata Salvatore mwenyewe akabuni drow wa mbali, kaskazini kwenye barafu, wasiomwabudu Lolth. Mwaka huohuo wa 2021 ilitolewa The Mwangi Expanse, kitabu cha dunia ya mchezo wa Pathfinder kuhusu nchi za misitu zilizokuwa zimeachwa kama Afrika ya sinema, safari hii kikiandikwa na kundi lenye waandishi kadhaa wenye asili ya Afrika. Jina la nchi lilikuwepo tangu zamani, na hapa Mkikuyu anapata zamu yake ya kutabasamu, kwani Mwangi kwao ni jina la mtu na ni jina la rika, moja ya yale mawili yaliyopokezana utawala, Mwangi na Maina. Hata hivyo mwaka 2023, Baldur's Gate 3 ilipoingia kwenye kompyuta za dunia nzima, drow wa kike ambaye wachezaji walimkuta kambini, Minthara, alikuwa ni yuleyule: kamanda katili, aliyelelewa kumwabudu malkia wa buibui. Anapendwa sana. Ameandikwa vizuri.

Tuseme basi msimulizi mmoja, Jumamosi jioni, ameamua kujaribu. Wahusika wake wanne wamefika mji wa pwani, wamechoka, wana dhahabu. Mchezaji wa kwanza anasema, tunaomba kuonana na malkia. Msimulizi anasema, hakuna malkia. Liko baraza la wazee, wanaume, wanacheza bao. Basi tunazungumza nao. Wanawakaribisha kahawa, wanasikiliza, wanasema ni jambo zuri mnalotaka, lakini ghala la mtama si letu. La nani? La Bi Mkubwa, nyumba ile yenye wikio. Wanakwenda. Mlango unafunguliwa na kijana, mume wa bintiye, anasema yeye hapa ni mgeni kama wao, waketi dakani. Wanaketi. Sauti inatoka ndani, haionekani ya nani, inauliza wao ni watoto wa nani kuukeni.

Wachezaji wanatazamana. Hakuna aliyejaza hilo kwenye karatasi ya mhusika wake. Hakuna nafasi yake. Mmoja anachukua dadu, anaona hakuna cha kurusha, anairudisha mezani. Mwingine, yule ambaye jioni nzima amekuwa kimya, anamgeukia msimulizi na kuuliza, huyo Bi Mkubwa, kaka yake yuko wapi?